Profesa wa Bando

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuruka neno moja. Kampuni ya ng'ambo inayotengeneza chipu za simu iliandika kwamba inatarajia mauzo yapande sana mwaka unaofuata. Mimi nikasoma: yatapanda sana.

Nilikuwa na meza ya ufundi kwenye kibaraza cha duka la simu, Bariadi mjini. Taarifa ile mwenye duka, mama mmoja, aliletewa na wakala wa simu kutoka Mwanza aliyetaka ajaze duka simu zenye chipu hiyo kabla ya msimu wa pamba. Ilikuwa kwa Kiingereza. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, na mama aliniamini nimsomee kwa Kiswahili.

Kosa nililiona palepale. Mimi hufungua simu upya kwa sababu skrubu moja imekaa upande. Lakini wakala alikuwa akinisifu, nikaendelea kusoma. Kesho yake, baada ya kusoma taarifa nzima mara nne, niliwafuata wote wawili dukani.

"Mama, haya ni matumaini yao tu. Na chipu wanazojivunia zaidi ni za kompyuta kubwa za huko kwao. Mtu wa kijijini Nkoma anatafuta simu inayokaa na chaji."

Wakala akaniangalia. "Umesomea wapi haya, dogo?"

"Mtandaoni."

"Haya Mama, msikilize profesa wa bando!"

Mama akacheka hadi akashika kaunta. "Rudi kwenye bisibisi zako, mwanangu."

Neno nililoruka sikulitaja.

Jina likanigandia. Hata bodaboda waliniita hivyo wakinisalimia Kisukuma: "Mwangaluka, profesa!" Nami nikaitikia "Mhola" bila kuinua macho. Simu za wakala zilipokuja nikaziombea zidode. Mteja akiniuliza, nilimwambia betri za simu hizo hazifiki jioni. Sikuwahi kupima hata moja.

Msimu ukaisha, rafu zimejaa. Kisha kampuni yenyewe ikashusha makadirio yake. Nilitafsiri taarifa hiyo bila kuacha neno, nikainakili mara tatu mpaka karatasi haikuwa na alama ya kufuta. Wakala aliporudi, nikaisoma kwa sauti kibarazani, wateja wakisikia.

"Bosi," nikamwambia, "leo bando la nani limeisha?"

Watu wakaangua kicheko. Wakala akatazama viatu vyake. Nilitamani abaki vile wiki nzima.

Mama hakucheka. "Umesoma vizuri. Na ile ya kwanza, nani alinisomea?"

Nikamweleza neno nililoruka. Hakuondoa macho, nikamweleza na habari ya betri.

"Kumbe ulikuwa unanifukuzia wateja hapahapa kwangu," akasema. "Toa meza yako."

Siku hizi nafanyia kazi karibu na stendi. Wakala haji tena Bariadi, na hilo bado linanifurahisha. Mama hupita mbele yangu bila salamu.