Moyo Wangu na Mbio za Tinde

Leo nimesimamishwa mbioni na moyo wangu mwenyewe. Msicheke.

Tulitoka Tinde kwa baiskeli kwenda Shinyanga mjini, wanaume tupu wa miaka arobaini na zaidi.

Katikati ya njia, kwenye kituo cha kupima wakimbiaji, muuguzi akanishika mkono, akatazama saa yake. "Baba Kulwa, moyo unakimbia kuliko baiskeli. Kaa chini kwanza."

Jirani yangu, Baba Masanja, akapita bila kupimwa. "Mimi mzima!"

Nikakaa. Kila aliyenipita alinipandisha mapigo upya. Nilipogeuka kutazama ng'ombe, yakatulia. Nikaruhusiwa.

Mbele nikamkuta Baba Masanja amelala kando ya barabara. Nikamshika mkono, nikahesabu mapigo.

Akafumbua macho. "Nani anaongoza?"

"Sijui. Wa mwisho ni sisi."

Tumeingia mjini tukikokota baiskeli. Wake zetu, waliokuja kutupokea mwisho wa mbio, walishaondoka.