Kauri za Mlezi

Kabla mashua yetu ya watalii haijang'oa nanga, mlezi humtia kila mtoto kauri moja, kombe dogo la baharini, mkononi na kumkunja vidole. Wazazi wakishazama kutazama matumbawe, yeye hubaki na watoto wao kwenye fungu la mchanga, leso kiunoni juu ya sare ya hoteli. Viganja vyake vina sugu za jembe, lakini hufunga kamba za majaketi ya kuelea kwa wepesi wa msusi. Sauti haipandishi hata wakimrushia mchanga. Na kuwahesabu, hawahesabu kamwe. "Kwetu Tezo mtoto hahesabiwi, ni mkosi," aliniambia mimi, mpishi wa mashua, siku nilipomcheka. Wakati wa kurudi husimama majini, kiganja wazi, na kila anayepanda humrudishia kauri yake.

Juzi tulitia nanga ubavuni mwa mashua nyingine. Nahodha wetu akahesabu vichwa vya watoto, akapata kumi na kimoja, akawasha mashine. Mlezi alikuwa na kauri kumi tu.

"Zima, nahodha."

"Dada, wametimia."

"Nimesema zima."

Akapanda, akapita kwa mmoja mmoja, mpaka kwa mtoto mwenye jaketi la njano kama wenzake, ambaye hakujua kauri ni kitu gani. Alikuwa wa mashua ya pili. Wa kwetu, msichana wa miaka minne, tulimkuta huko, ameketi kati ya wageni, kakaza ngumi. Hakuifungua mpaka alipokiona kile kiganja.