Moto Usiachwe Peke Yake

Baba hakuwa mtu wa makelele. Msituni alikuwa na amri moja tu, na hiyo hakuna aliyemtania nayo: moto wa kambi hauzimwi wakati mtu bado yuko porini. Warina asali wote wa kwetu Kasokola waliishika. Asubuhi wanatawanyika kwenda kwenye mizinga, mmoja anabaki, na jua likianza kushuka yule aliyebaki anatupia majani mabichi motoni ili moshi upande. Wenzake wanaufuata mpaka kambini. Mimi niliona ni ushamba mtupu. Nilikuwa fundi simu Mpanda mjini, na kitu kisichokuwa na betri kwangu kilikuwa cha kizamani.

Msimu ule mama alinipigia akaniomba nimsindikize baba. Wenzake walikuwa wametangulia kambi nyingine, na mama hakutaka aende peke yake. "Baba yako siku hizi anajikwaakwaa," alisema. Sikuuliza anajikwaa kwa nini. Nilifunga kibanda changu kwa wiki moja, nikanuna njia nzima.

Kuingia msitu wa hifadhi kunataka kibali. Tulipokabidhiwa karatasi, baba aliniambia niisome kwa sauti kwa sababu miwani alikuwa ameisahau nyumbani. Nikasoma majina, siku tulizopewa na idadi ya mizinga, masharti nikayaruka. Baba hakuwahi kuwa na miwani maishani mwake. Hilo nililikumbuka baadaye sana.

Tulipiga kambi mbele ya kijiji cha Sibwesa, kwenye miyombo mikubwa. Alikoka moto wake wa magogo matatu yanayokutana vichwa, akafyeka majani kuuzunguka na kukwangua ardhi mpaka ikabaki nyekundu. Nilimwangalia akipapasa kila shina kwa kiganja kabla ya kupita, nikadhani anaisalimia miti yake. Siku nne zilikwenda vizuri. Asali ilikuwa nyingi, nyuki wakali, na nilivimba sikio moja mpaka baba akacheka akikohoa.

Siku ya tano timu yangu ilikuwa inacheza mechi ya mwisho ya ligi. Baba alitaka kukagua mizinga ya bondeni.

"Kaa na moto," aliniambia. "Jua likifika pale, weka majani mabichi. Usiniangushe, baba."

Alizoea kuniita hivyo, baba, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake.

Nilikaa mpaka saa kumi. Kambini hapakuwa na mtandao hata wa kubahatisha, ila nusu saa kutoka pale palikuwa na kichuguu kirefu, na juu yake simu ilishika. Nilijiambia nitakwenda na kurudi. Nikatoa kibali mfukoni kuona wanasemaje kuhusu moto, na kwa mara ya kwanza nikasoma masharti. Moto uliruhusiwa kambini, mahali palipofyekwa, ila usiachwe bila mtu wa kuuangalia. Basi nikauzima, mimi raia mwema! Niliumwagia maji yote ya dumu, nikakanyaga majivu, nikaenda kutafuta matokeo ya mpira.

Tulishinda. Nilishangilia peke yangu juu ya kichuguu kama mwendawazimu, nikabaki kuangalia magoli mpaka chaji ikaisha.

Niliporudi jua lilikuwa linazama na baba hayupo. Niliwasha moto upya, nikaita mpaka sauti ikakauka. Alfajiri nilikimbilia kambi ya wenzake, wakaja wote, tukatafuta mchana kutwa bila kupata hata alama ya kiatu. Siku ya tatu asubuhi, mfugaji mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akitafuta ndama wake alimkuta ameketi chini ya mti, upande usio wa kwetu kabisa, akaja kutuita. Alikuwa mzima, lakini anatetemeka, midomo imepasuka. Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, na wepesi ule uliniumiza kuliko mzigo.

"Moshi ulipotea," aliniambia sikioni. "Nilikuwa naunusa vizuri, mara ukapotea. Nikajua nimeipita kambi, nikageuka."

Hakusema aliuona. Alisema aliunusa. Hospitali, daktari alimmulika akaniambia jicho moja limekufa siku nyingi na la pili linaona kivuli tu. Mzee alikuwa akitembea msituni kwa pua na viganja, na ametuficha wote kwa sababu asiyeona hapelekwi kurina.

Lakini kabla ya daktari, bado nikiwa nimembeba, aliniuliza: "Ulizima?"

"Kibali kinakataza moto, baba," nikasema. "Nilikuja kukisoma vizuri baadaye."

Akanipigapiga begani. "Basi hukufanya kosa. Ya serikali ni ya serikali."

Alinitetea kwa kila aliyekuja kumwona. Kijana amesoma, alisema, kijana alituokoa tusifungwe. Kila alipolisema nilitamani kumkatisha, na kila mara nilijiambia kesho. Baridi ya msituni ilikuwa imemwingia kifuani, haikutoka. Kabla ya mvua za kwanza tulimzika.

Siku ya kuanua matanga, asubuhi, warina asali walikuwa wameketi kuuzunguka moto wa msibani uliowaka tangu siku ya kwanza. Mkubwa wao, aliyerina na baba tangu ujana, alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne akanipa. Ilikuwa kibali chake cha msimu.

"Mwanangu, tusomee wewe. Tangu marehemu atuambie moto umekatazwa, tumelala porini bila moto. Tumekula unga wa baridi. Mmoja wetu juzi kidogo apotee. Kwenye hiki hawajalegeza?"

Ningeweza kuruka mistari, kazi ambayo tayari nilikuwa naijua. Mama alikuwa amesimama mlangoni, upande wa khanga umemfunika mdomo. Nikasoma yote. Nilipofika kwenye moto nilisoma polepole: unaruhusiwa kambini, mahali palipofyekwa, usiachwe bila mtu wa kuuangalia.

"Hiki kipya," mzee alisema. "Na kile chenu?"

"Kiliandikwa hivi hivi."

Aliichukua karatasi yake. "Sasa marehemu alidanganywa na nani?"

"Na mimi," nikasema.

Mama aliingia ndani. Desturi yetu, moto wa msiba ukimaliza siku zake huzimwa na mtoto wa marehemu, na dumu la maji lilikuwa limeshawekwa miguuni pangu. Mzee aliinuka, akalichukua, akauzima yeye mwenyewe.