Robo Mita Inayomkosesha Raha Mpima Kina

Saa moja asubuhi, Mama Kina amepiga magoti ubavuni mwa boti, anateremsha sahani ya chuma mtoni kwa mnyororo wenye alama. Anaisimamisha kwenye mita kumi, kisha anatazama kioo cha mashine ya kupimia kina.

Mashine inasema kumi na robo.

Anasonya. “Maji hayana chumvi, basi mashine yenyewe inatia chumvi.”

Mashine hiyo hutuma sauti chini na kusubiri mwangwi. Lakini mvua zimejaza mto, na kwenye maji yasiyo na chumvi sauti hutembea polepole kuliko baharini. Mwangwi ukichelewa, mashine hudhani chini ni mbali.

Ndiyo maana sahani huteremshwa kuirekebisha mashine kila maji yanapobadilika. Jana yeye alikuwa kliniki. Nahodha wa boti akairekebisha mashine gatini, kwenye maji ya chumvi, kisha akapanda mtoni kupima kutwa nzima bila kurudia.

“Eti maji ni maji,” anasema Mama Kina, akimkata jicho nahodha, ambaye ghafla ana shughuli na kamba.

Amefanya kazi hii miaka kumi na minne. Hachoshwi na jua wala matope. Wanaomchosha ni wakuu wa bandari, wasiotaka kusikia kipimo chenye “toa au ongeza kidogo.”

“Wanataka namba moja iliyonyooka, kama wananunua viatu.”

Meli inayosubiri nje, kwa vipimo vya jana, ingepita na nusu mita tu chini ya tumbo lake. Robo ile inakula nusu ya nafasi hiyo. Na rubani wa kuiingiza kesho ni mume wa mdogo wake.

Simu inaita. Ni yeye.

“Shemeji, niambie tu, inapita au haipiti?”

“Sijui, shemeji.”

“Mashine si ilisema inapita?”

“Mashine ilisema. Mimi sijasema.”

“Wenye meli wamenikalia kooni.”

“Waambie wanikalie mimi. Kesho usiingie, napima upya; labda keshokutwa.”

Shemeji anaguna, anakubali, anakata simu bila kuaga.

Mama Kina anafuta mikono kwenye sketi. “Wenzangu wana mipango ya miaka mitano,” anasema. “Mimi nataka keshokutwa jioni mdogo wangu afungue mlango, amkute mumewe amesimama pale, amenuna.”