Mafuta ya Karafuu Ndani ya Tangi la Samaki

Nimeshajicheka mwenyewe, sasa nichekeni na nyinyi. Mimi ni mpokezi wa nyumba ya wageni hapa Chake Chake. Mwenye nyumba, Bi Zuhura, analipenda tangi lake la samaki wa mapambo kama roho yake.

Juzi alikwenda Konde. Nikaona samaki wanahemea juu juu, na maji yamekuwa kama yaliyooshewa mchele. Nikasema kifua hicho kimewabana. Na kifua, kwetu Pemba, dawa yake nini? Nikawamiminia mafuta ya karafuu. Wote wakalala ubavu. Nikalifunika tangi kwa kanga, nikawatangazia wageni msiba.

Bi Zuhura aliporudi alinusa tu. "Hawajafa hawa, wamelevywa karafuu."

Akawahamishia kwenye ndoo ya maji safi, akawasha pampu ya hewa. Mwanamke yule, mashaallah! Mmoja akatikisa mkia, kisha wote. Machozi yakanitoka.

Ndipo akachota uchafu chini ya tangi, akautazama. "Ugonjwa wao ni huu, chakula kimeoza majini. Nani kawapa samaki wangu maandazi?"

Nilikuwa nimeshamega jingine, la kuwapongeza kwa kufufuka.