Kichaka cha Nyar Karungu

Siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomwona bibi yako, mama ya baba yako, akiketi chini mbele ya trekta. Aliketi kabisa, miguu akainyoosha, kama mtu anayechambua mboga uani kwake.

Nimesikia umeshaongea na mwenye trekta pale Rangwe. Sikukuita nikugombeze, ningetaka kukugombeza ungenisikia tangu barabarani. Keti nikusimulie, kisha uamue mwenyewe.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nawe ulikuwa mtoto wa mgongoni. Baba yako, Ouko, alirudi kutoka Migori, alikokuta watu wamelima mashamba ya mmea mmoja, safi, jani geni hulioni. Akarudi na moto. Shamba lote la nyumba hii liwe mahindi matupu! Ua wa ojuok, ule mti wenye utomvu unaounguza macho, ung'olewe. Na gunda, yaani yale mahame ya babu yake yaliyoota kichaka, lifyekwe lilimwe, kwani udongo wa mahame umeshiba, hilo kila Mjaluo analijua. Tena ndege waliokuwa wakitumalizia mtama walilala humo. Sisi wanawake tulishinda shambani tukipiga madebe na kupayuka mpaka sauti zikakauka. Nani angelilia kichaka?

Bibi yako alikililia. Watu walimwita Nyar Karungu, binti wa Karungu, kwa kuwa alizaliwa huko kando ya ziwa. Yeye alilima kama wamama wa zamani: mtama na kunde pamoja, muhogo pembeni, viazi vitamu kwenye matuta, mboga za osuga zikijiotea zenyewe. Na mstari wa mwisho wa mtama, ule uliopakana na gunda, hakuuvuna kamwe. Aliwaachia ndege. "Hao ni vibarua wangu," alisema, na sisi tukicheka, mbavu hatuna.

Siku ile ya trekta baba yako aliona aibu. "Mama, inuka, watu wanaangalia."

"Waangalie. Ouko, wewe umemwona ndege akila mtama. Je, umewahi kuangalia anachowabebea makinda wake?"

Baba yako aliligeuza trekta, akang'oa ua upande wetu, akalima mpaka ukingoni mwa kijito. Mama yake akabaki na kipande chake na gunda lake. Mimi nilinyamaza, bi arusi mpya ana mdomo gani?

Mvua ikaja njema, mahindi yakafika magotini, yakapendeza, nisiseme uongo. Halafu wakaja viwavijeshi. Yawa! Ukisimama shambani uliwasikia wakitafuna. Baba yako alinyunyiza dawa mpaka ikamwishia. Viwavi wakazidi kumiminika kutoka kwa majirani, na waliokufa ni nyuki wetu mizingani. Mahindi yakabaki vijiti. Niliketi mtaroni nikalia, maziwa yamenikauka kwa hofu, nawe mgongoni unalia pia. Sikujua ungekula nini.

Viwavi waliingia kwa bibi yako vilevile, usidanganyike. Lakini kunde na viazi hawakuvitaka, muhogo hawakuugusa. Na kutoka gundani wakashuka ndege, wezi wetu walewale, tangu alfajiri wakienda na kurudi, kila mmoja na kiwavi mdomoni, kwa maana ulikuwa msimu wa makinda. Nusu ya mtama ililiwa, nusu ikapona. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wahenga walisema, na sisi wakunga wetu tulikuwa tukiwapigia madebe.

Baba yako alikwenda kusimama langoni kwa mama yake, kofia mkononi. Nilidhani bibi yako atamsuta. Wapi! Alimpa jembe. "Chimba muhogo, mtoto asilale njaa. Kesho uchukue marando ya viazi ukapande." Kisha akasema taratibu, "Shamba la kitu kimoja ni kusimama kwa mguu mmoja, Ouko. Ukisukumwa kidogo tu, uko chini."

Ua baba yako aliupanda upya msimu uleule. Lakini udongo wa juu ulikuwa umeshakwenda na mvua, ndiyo ile changarawe unayoilalamikia kule kijitoni. Ndege nao hawakurudi upande wetu kwa kuitwa. Kung'oa kulimchukua asubuhi moja, mwanangu. Baba yako amekufa akiwa bado anarudisha.

Basi lima. Lima hata kwa trekta, sikukatazi, njaa haina adabu na watoto ni wengi. Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Changanya mazao, ili moja likianguka jingine likushike mkono. Ua uuache. Ndege waachie mstari wao. Na gunda usiliguse, kwa sababu muhogo uliokutoa mautini ulichimbwa kando yake. Shamba nimekupa. Kichaka sikupi, maana hata mimi sikupewa, niliachiwa nikitunze.

Nyasaye akujalie mvua ya kiasi na mikono isiyochoka, na wanao wasiijue ile njaa iliyokupitia kabla hujajua kusema. Haya, inuka. Nenda ukamwonyeshe mwenye trekta mpaka wa gunda ulipo.