Debe Lililojaa

Aibu hii nimeifunika miaka mingi. Mkiniuliza mbona mkono wangu wa kushoto umepinda, husema nilianguka, na si uongo, ila sijawahi kuwaambia nilimwangukia nani.

Miaka ile ya hamsini tulikaa Ruiru, kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la kahawa, na mimi nilijulikana shamba zima, si kwa uzuri (tusidanganyane) bali kwa viungo vyangu. Kidole gumba nilikilaza nyuma mpaka kikagusa mkono, viwiko vikapinda upande usiofaa, na wachumaji wenzangu walikuwa wakinibembeleza, "Nyambura, hebu tuonyeshe!" nami naonyesha, napigiwa makofi, naona raha. Mama naye alikuwa na viungo hivyo hivyo. Lakini mama hata hamsini hajafika mgongo ulikuwa umeinama, na mkono aliwahi kuuvunja kwa kusukuma tu dirisha lililokwama. Kila nikienda mtoni aliniambia, "Viungo vyetu vimelegea na mifupa yetu ni myepesi. Beba nusu, wacha wacheke."

Basi Kamau, kijana wa Makongeni kule Thika niliyempenda mpaka chakula kikanishinda, akaniletea habari kwamba mama yake anakuja kuniona. Mjue siku hizo mama mkwe hakuulizi mengi, anaangalia tu unavyobeba mzigo mgongoni, ukanda ukiwa kichwani, akishaona anajua kama atakuchukua au atakuacha. Nikasema leo sibebi nusu. Nikajaza debe mpaka pomoni.

Nikamkuta njiani akitoka stesheni, kofia nyeupe ya kanisani kichwani. Ningetua debe nikamsalimia kama mtu mwenye akili, lakini wapi, nikabaki nalo mgongoni ili alione vizuri, nikanyoosha mkono wa kulia. Mama yule alikuwa na salamu za nguvu, zile za kukutikisa mpaka begani, na mtikiso wa pili bega langu likachomoka, nikainama kwa uchungu, maji yote yakapita juu ya kichwa changu yakatua kwenye kofia ile, nami nikayafuata mzimamzima, nikamwangukia. Mkono wa kushoto ukatangulia chini. Nikasikia ka!

"Ūūi, Ngai! Ameniua!" akalia mama wa watu, ameketi kwenye matope.

Wachumaji wakaja mbio, wakaniona bega linaning'inia, na (hili ndilo linaloniuma hadi leo) wakapiga makofi. Walidhani ni mchezo mpya.

Mama yangu alipofika, mgeni alikuwa anakamua kofia. "Msichana wa kuvunjwa na salamu," akasema, "nitampeleka wapi?"

Mama, ambaye siku zote alijificha wageni wakija, akavua shuka lake mbele ya wote, akageuka, mgongo ule ukaonekana. "Mwili huu ameutoa kwangu," akasema. "Si uvivu."

Yule mama akarudi Thika bila kunywa chai. Dresa wa zahanati aliyenifunga mkono alisema mifupa yangu ni kama ya bibi kizee. Nililia siku nyingi, si kwa maumivu, nilimlilia Kamau.

Alasiri moja akaja. Hakuketi. Akachukua lile debe, akaenda mtoni, akarudi nalo begani limejaa, mchana kweupe, na siku hizo mwanamume hakuchota maji, jamani, hata awe mgonjwa wa mapenzi. Wachumaji walicheka mpaka wakakaa chini. "Kamau, umeolewa?"

"Nusu ni yake," akawajibu, "nusu ni yangu."

Mama yake alinuna mwaka mzima, kisha akaja harusini na kofia mpya, akanisalimia kwa ncha za vidole.

Siku hizi madaktari wanaujua mwili huu; wanasema wenye viungo vya kulegea mifupa yao inaweza kupungua nguvu mapema, tupimwe, tule vizuri, tutembee. Kwa hiyo mjukuu wangu akikunja kidole gumba mkacheka, mimi sicheki, namshika mkono nampeleka kliniki.

Na debe lililojaa sijabeba tena. Maji sasa ni ya mfereji, Kamau amelala kaburini, lakini jagi langu bado nalijaza nusu, halafu nasimama pale kidogo nikingoja aje na nusu yake.